Safari Hii Sisi Ndio Wageni

Kijiwe chetu kipo kwenye kona ya barabara ya kupandia geti la Machame, ubavuni mwa duka la Mama Aikande: benchi moja la mbao ya mkaratusi, na mawe matatu kwa wanaochelewa kuamka. Msimu ukiwa umechanganya hutatukuta hapo, tuko juu tumebeba. Lakini Machi ikifika ukingoni na mawingu ya masika yakianza kujipanga, wageni wanakatika, na sisi wagumu tunashuka kuja kunywa kahawa na kupigana fiksi, uongo wa kuchekeshana. Wagumu ni wabeba mizigo wa Kilimanjaro. Jina hilo hatukupewa na mtu, tumejipa wenyewe, tunastahili. Mimi naitwa Gesi. Mtungi wa gesi wa jikoni naupeleka kichwani toka getini hadi kambi ya Barafu bila kuushika, mikono mfukoni, na anayebisha tukutane getini. Shule tuliachana darasa la sita kwa amani, kila mmoja akashika njia yake, na mpaka leo sijasikia kama yenyewe ilifika popote. Sasa Jumatano hiyo kabla ya Pasaka mlima ulikuwa umejifunua wote, mweupe huko juu, na mimi nilikuwa nashuka mbio ule mteremko wa kwa Mama Aikande na habari iliyokuwa inataka kunitoka hata puani.

— Wazee, simameni! Kikao kimeanza! nikapiga kelele kabla sijafika.

Hakuna aliyesimama. Bisi alisogeza tu kalio nipate pa kukaa. Huyu Bisi ni mpishi wetu wa mlimani. Kila saa kumi jioni anawakaangia wageni bisi kwenye sufuria, na anasimulia kwamba kuna mama mmoja wa Kizungu alizionja pale kambi ya Shira akalia machozi. Sisi tuliokuwepo tunajua yule mama alikuwa anaumwa tumbo.

— Haya sema, Gesi, alisema Bisi. Ila kama ni ile stori ya chui, tumeichoka.
— Shemeji yako amekubali!

Kahawa ilimruka.

— Amekubali? Kutuongoza?
— Leseni anayo, kibali kimetoka, mchango wetu wa geti keshaupeleka. Jumatatu ya Pasaka, saa mbili asubuhi, tunaingia getini. Na hatuingii kama wagumu, mwanangu. Tunaingia kama wageni!

Hapo ndipo waliposimama. Bisi alinikumbatia na kikombe chake. Mgumu mwenzetu Waziri akaruka juu ya jiwe lake akaanza kucheza peke yake, na Waziri ni mtu wa kilo tisini, jiwe likatikisika. Mama Aikande alitoa kichwa dirishani.

— Nyie, kuna mtu kafa au kuna mtu kaoa?
— Tunapanda mlima, Mama Aikande! nilimwambia.
— Si ndiyo kazi yenu?
— Tunapanda mpaka juu!
— Aa, alisema. Halafu akauliza: Mpaka juu juu?
— Juu juu!

Akarudisha kichwa ndani, lakini tulimsikia anamwambia mteja: "Wehu wangu hawa safari hii wanaenda juu juu."

Wewe ambaye hujabeba unaweza kushangaa. Sisi wanne ukijumlisha miaka yetu ya mlimani inapita sitini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga kilele. Kazi ya mgumu inaishia kambi ya Barafu. Kutoka pale wageni wanaondoka na waongozaji wao, sisi tunabaki kuosha masufuria, kung'oa mahema, na kuwasubiri warudi wamevimba macho kwa furaha, watuoneshe picha zao, kisha tubebe tuteremke nao kwa njia ya Mweka. Ni sawa na kupika ubwabwa wa harusi miaka yote na hujawahi kumwona bibi harusi. Miaka miwili iliyopita, kwenye benchi hili hili, tukasema basi. Tuchangishane, twende wenyewe, turudi na picha zetu.

Aliyeleta wazo lile ndiye pekee ambaye hakuruka wala kucheza. Alikaa pale pale mwisho wa benchi, mguu wa kushoto ameunyoosha, anatabasamu chini kwa chini. Ni Mzee Aisaeli Munisi, ila mlima mzima unamwita Mizani. Miaka ishirini na sita amebeba. Ukimpa begi analinyanyua kwa kidole, anakuambia kilo kumi na nane na nusu, na pale getini mzani wa hifadhi ukisema tofauti, watu wanaanza kuukagua mzani.

— Mzee Mizani, mbona kimya? Hufurahi? alimuuliza Waziri, anahema.
— Nafurahi. Nafurahia ndani.
— Goti linasemaje?
— Linasema Jumatatu.

Tulicheka, lakini kila mtu alilitazama lile goti. Limelika. Daktari keshampangia kupasuliwa wiki ya pili baada ya Pasaka, na akamwambia wazi kwamba akishapasuliwa, mlima atautazama kwa macho tu. Mizani akamuuliza, je, nikipanda mara moja ya mwisho? Daktari akakuna kidevu. Akasema: bila mzigo hata kidogo, taratibu, na fimbo mbili, labda. Hiyo "labda" Mizani anatembea nayo kama cheti cha ubatizo. Kwa hiyo ni Jumatatu hii au basi tena; masika yanaingia huku, kisu cha daktari kinaingia kule.

— Sasa tupange, nikasema. Na tupange kigeni. Mimi nimesema mapema, safari hii sibebi kitu. Sibebi hata kiberiti. Nataka kabegi kadogo mgongoni, kale ka mrija, nikisikia kiu nanyonya maji kwenye mrija kama mtoto. Na kila baada ya dakika tano nataka nisimame niulize: bado mbali?
— Na mimi sipiki, alisema Bisi. Mniandikie kabisa. Saa kumi jioni nakaa kwenye kiti, nimevua viatu, naletewa bisi. Nikionja nakunja uso nasema, mmm, chumvi.
— Wewe ulete dharau kwenye bisi zako mwenyewe?
— Zimedharauliwa miaka tisa, Gesi! Na mimi nataka kudharau!

Waziri alinyoosha kidole kama yuko bungeni.

— Mimi ninalo moja tu. Choo.

Tulikufa kwa kicheko. Ni hivi: Waziri, jina lake Elingaya Urassa, ndiye mbeba choo. Kile choo cha kubeba cha wageni, na kihema chake, na dawa yake ya buluu. Tulimpa uwaziri siku alipokataa kuitwa Choo.

— Mnacheka? Mnacheka nini? Miaka minane nimekibeba mgongoni kwangu mimi. Nimekipandisha ule ukuta wa Baranko, mahali mbuzi angesema hapana, pamoja na miguu yake minne. Na sijawahi kukikalia! Hata mara moja! Nikikibeba nikifika kambini, mimi naelekea nyuma ya jiwe. Safari hii nataka nikae, nifunge zipu, nitulie, na nje mtu aniambie, Waziri, chukua muda wako.
— Kinaingia, nikasema. Choo kimepita.
— Kumi na mbili, alisema Mizani.
— Kumi na mbili nini?
— Kilo. Kihema chake nne. Dawa na dumu lake tano. Ishirini na moja.

Hatukumwomba apime, ila ndiyo akili yake ilivyo, huwezi kumzuia. Na mimi nikaona raha, maana sasa ilikuwa safari kweli, ilikuwa na uzito.

— Meza! nikasema. Ile ya kukunja, na kitambaa chekundu. Na viti vinne vyenye mgongo.
— Meza nane, viti kumi na mbili. Ishirini.
— Hema la kulia chakula, alisema Bisi. Sili nje mimi, napigwa na upepo.
— Kumi na tano.
— Mahema mawili ya kulala.
— Nane.
— Magodoro! Manne! Yale manene!
— Kumi na mbili.
— Keki, alisema Waziri. Yule mgeni wa Januari si alikatiwa keki kambi ya Karanga, tukamwimbia?
— Keki tatu.
— Tatu? Moja inatosha, Mzee.
— Kilo tatu.
— Spika, nikasema. Nifike juu nipige muziki mpaka watu wa Rombo wasikie wajue Machame tumefika.
— Sita.

Bisi akaongeza chakula cha siku sita, nyama, ndizi, mchele, maziwa, na mahindi ya bisi pembeni. Mizani akafumba macho kidogo: thelathini na tano, mahindi kilo nne. Jiko na masufuria kumi na nne. Mtungi wa gesi aliutaja mwenyewe, kumi na nane, akaniangalia akacheka, na mimi nikatazama barabarani kama simjui huyo mtungi. Begi la nguo kila mtu lake, jumla arobaini.

— Sasa tuongee la maana, alisema Bisi. Kichwa. Kutoka Barafu kwenda juu kichwa kinauma mpaka mtu anasahau jina la mke wake. Nimewaona wanavyorudi.
— Mimi hakiniumi, nikasema.
— Umejuaje, hujafika?
— Nilielezwa na mgeni daktari. Ukifika juu ubongo unavimba. Mwenye ubongo mkubwa unakosa nafasi, unagonga kwenye mfupa, ndiyo maana maprofesa wanashushwa kwenye machela. Mimi wangu una nafasi. Niliuachia nafasi mapema, darasa la sita. Nyie kazi mnayo.
— Gesi, hilo ni la kwanza la kweli umesema mwaka huu, alisema Waziri. Ila hujui chanzo. Chanzo ni hewa.
— Hewa imefanyaje?
— Imekwisha. Enzi za babu zetu kule juu hewa ilikuwepo tele. Sasa hesabu wageni. Kila mmoja anafika pale anavuta, haaa, anapiga picha, anashuka, anapanda ndege. Ile hewa anairudisha? Anaenda nayo kifuani mpaka kwao. Miaka na miaka! Iko Ulaya hewa yetu, inawalea watoto wa watu.
— Uongo, Waziri!
— Uongo? Mbona wao kwao hakuna anayeumwa kichwa?

Bisi ndiye aliyempokea, tena kwa sauti ya chini, kama anayetoa siri ya jikoni.

— Haijaondoka yote. Mfuko wa krispi ukiununua hapa kwa Mama Aikande ukoje? Umelala. Ukifika nao Baranko ukoje?
— Umevimba! tukajibu wote.
— Umevimba kama puto! Kwa nini? Hewa ya mlima inakimbilia ndani ya mfuko. Inajificha mle. Sasa mgeni yeye mjinga, anafungua mfuko, anakula krispi, hewa inapotea. Mtu mwenye akili anapanda na mifuko hamsini, kichwa kikianza kuuma unapasua mmoja, pa, unavuta. Krispi unamwachia kunguru.

Waziri alishika kichwa kwa mikono miwili. Mimi nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Kitu kama kile hata shule isingekiweza.

— Mifuko hamsini, Mzee Mizani, andika!
— Kilo mbili. Ila itachukua nafasi.
— Subirini, alisema Waziri, ambaye hapendi kushindwa. Mnasahau ule ni mlima wa moto. Pale juu kuna shimo la majivu, linanuka kiberiti mpaka leo, waongozaji wote wanasema. Moto uko chini, umelala. Sasa sisi tufike pale na trei ya mayai. Tunayafukia kwenye majivu, tunaimba nyimbo mbili, tunafukua, yameiva. Hakuna mgeni aliyewahi kula yai lililochemshwa na Kibo. Sisi wa kwanza duniani!
— Na mlima ukiamka je? aliuliza Bisi.
— Kwa sababu ya mayai?
— Wewe ukifukiwa mayai usingizini huamki?
— Mlima ukiamka, nikasema, utaniona mimi nimesimama pale, utarudi kulala.

Tulipiga makofi. Kahawa ikajazwa. Mizani alikuwa bado na macho yamefumba, midomo inacheza, halafu akayafungua, na uso wake wote ukang'aa, sijawahi kumwona vile hata siku wageni wanapotoa zawadi.

— Mia mbili, alisema.
— Mia mbili nini, Mzee?
— Kamili. Na trei ya mayai, mia mbili kamili. Watu kumi, kilo ishirini ishirini, hakuna anayezidi, hakuna anayepungua. Miaka ishirini na sita sijawahi kuona mzigo umekaa hivyo.

Tulishangilia kama goli. Mpita njia mmoja na punda wake alisimama kuuliza nani anaongoza.

Ni wakati huo huo alipofika Ndeshi. Huyu ni binti wa dada yake Waziri, fundi cherehani huko Dodoma, amekuja kula Pasaka na bibi yake. Alikuwa ameshika chupa ya maziwa mkononi.

— Shikamooni.
— Marahaba, mwanangu! Kaa unywe kahawa, alisema Waziri. Mjomba wako Jumatatu ni mgeni!
— Bibi anakuita ukamsaidie ndizi, mjomba. Mgeni wa nini?

Tukamweleza, wote kwa mpigo. Meza na kitambaa chekundu, keki, spika, choo, magodoro, krispi, mayai ya Kibo, kwamba mimi nitanyonya maji kwa mrija, kwamba Bisi atadharau bisi, kwamba ni watu kumi, kilo ishirini ishirini, kamili. Ndeshi alitusikiliza kwa adabu, akigeuza shingo kwa kila anayesema. Alipoona tumemaliza, akauliza, bila ubaya wowote:

— Sasa nyie si mko wanne, na mwongozaji. Hao kumi wa kubeba ni kina nani?

Bwana wee.

Nilimtazama Bisi. Bisi alimtazama Waziri. Waziri aliangalia ndani ya kikombe chake kama kuna mtu kamwita kutoka mle. Punda wa yule mpita njia alipiga mkia. Mlima wenyewe ulikuwa umeanza kujifunika.

— Wagumu wapo, alisema Bisi mwishowe. Tutaita wagumu.
— Kina nani? nikamuuliza. Wagumu wote wa hapa wako likizo ya Pasaka, wengine washaenda Arusha kutafuta kibarua cha masika. Na utawapa nini? Mchango wote umeishia getini na kwa shemeji yako.
— Kwani wewe hukulifikiria hilo?
— Mimi? Mimi ni mgeni! Umewahi kuona mgeni anafikiria mzigo?

Na ndiyo ukweli wenyewe. Miaka yote tumekuwa tukiangalia wageni, na wageni hawaulizi nani atabeba. Wanakuta vimefika. Meza imefika, chai imefika, choo kimefika. Sisi tulipojigeuza wageni tukajigeuza kweli kweli, mpaka tukasahau kwamba vile vitu huwa vinafika kwa sababu yetu.

Aliyefungua mdomo ni Mizani. Aliongea taratibu, kama mtu anayesema jambo dogo.

— Mimi nitachukua ishirini yangu. Nyie gawaneni zinazobaki.

— Mzee, alisema Waziri.
— Ishirini ni kidogo. Nimeizoea.
— Mzee, daktari kasema bila mzigo hata kidogo.
— Daktari hajawahi kubeba.

Akakunja ule mguu kuonesha. Ulikunjika nusu. Alipofika nusu uso wake ulikunjika wote, akaunyoosha tena haraka, akijifanya anapangusa suruali.

Sasa mimi watu wananijua kwa maneno. Najimwambafai, sikatai, ni kipaji. Lakini pale niliacha majigambo. Niliona wazi jinsi itakavyokuwa. Mizani na kilo ishirini mgongoni atafika kambi ya Machame. Atafika Shira, kwa ubishi. Baranko goti litakataa, na atakaa juu ya jiwe akituambia, nyie tangulieni vijana. Na sisi tutatangulia. Na juu tutapiga picha, na tutashuka tumuoneshe, naye atatabasamu chini kwa chini na kusema nzuri, kama alivyowaambia wageni miaka ishirini na sita.

— Hubebi, nikasema.
— Gesi, mwanangu...
— Hubebi, Meku, mzee wangu! Kilo zako nabeba mimi.
— Wewe si umesema hubebi hata kiberiti?
— Nilikuwa napiga stori! Unanijua mimi, saa ngapi nimewahi kusema kitu kikawa? Nabeba arobaini, lete!
— Getini hawaruhusu arobaini, alisema Mizani. Mwisho ishirini.
— Basi naenda na kurudi!

Bisi alisimama, akanisukuma pembeni kwa bega.

— Kaa chini wewe, mtungi mmoja tu unausimulia kama umebeba kanisa. Jikoni ni kwangu. Masufuria nabeba mimi, na chakula. Na napika mimi. Nani mwingine atapika, wewe? Utuue?
— Na bisi?

Alirudi kukaa kwenye benchi.

— Na bisi.

Wote tukageuka kwa Waziri. Alikuwa amekaa kwenye jiwe lake, mikono mapajani, mtu mzima wa kilo tisini, amenyong'onyea. Tulimwachia muda. Ndeshi naye akamwachia.

— Ishirini na moja kile, alisema Waziri. Na kihema.
— Ndiyo, alisema Mizani.
— Kikibaki tunapata nafasi ya hema la kulala na magodoro mawili.
— Na mchele.

Waziri alivuta pumzi ndefu.

— Basi kibaki. Nimejiuzulu.

Hapo kelele zikarudi mara mbili ya mwanzo. Tulianza kutupa vitu barabarani kwa maneno. Meza, tupa! Viti, tupa, tutakalia mawe, mawe ya Shira yana mgongo mzuri kuliko viti. Hema la kulia, tupa. Spika, nilibishana sana kuhusu spika, ikatupwa, nitaimba mwenyewe. Mabegi ya nguo yakawa nusu. Nyama nusu. Mayai sita tu, hayo yalikataa kufa kwa sababu kila mtu alitaka kuona. Krispi Bisi alizitetea kwa jasho, zikabaki mifuko mitatu, mmoja wa majaribio. Mizani anapunguza huku tunatupa, themanini na moja, sabini na nne, na kila namba ikishuka Waziri anapiga goti lake kofi. Ilipofika sitini tuligombana nani abebe hema. Sisemi uongo: wanaume watatu wazima, mbele ya duka la Mama Aikande, tunavutana mzigo ambao bado haupo, kila mmoja anasema wake mdogo, wake mdogo, aongezwe.

— Wewe Gesi una mtungi, toa mkono kwenye hema!
— Mtungi uko kichwani, mgongo uko wazi!
— Na tukifika Barafu? aliuliza Waziri. Nani anabaki na mahema?
— Habaki mtu, nikasema. Tunafunga zipu, tunapanda wote. Mwizi akija Barafu kuiba sufuria ya Bisi, kwa umbali ule, apewe tu.

Mizani alijaribu mara ya mwisho. Aliinua mkono, tukanyamaza.

— Nipeni hata kilo tano. Za chumvi na sukari. Sijawahi kupita lile geti mikono mitupu. Wale vijana wa mzani wananijua. Nitapitaje pale, natembea tu, natupa mikono kama mwizi? Nitajisikia vibaya.
— Utazoea, Mzee, nilimwambia. Wageni wenzako wanazoea siku ya kwanza kabla ya chakula cha mchana.
— Nitashika nini?
— Fimbo mbili. Daktari kasema.
— Na zikiisha fimbo?
— Unashika kiuno. Unatazama maua. Unasema, oh.
— Oh, alijaribu Mizani. Haikumkaa.

Ndeshi alikuwa ameweka maziwa chini ya benchi, amekaa kwenye jiwe moja, hana haraka tena ya ndizi za bibi.

— Kwa hiyo, alisema, mgeni ni mmoja.

Hatukuwa tumelisema hivyo. Lakini ndivyo ilivyokuwa, wabeba mizigo watatu, mwongozaji mmoja, na mgeni mmoja, Mzee Aisaeli Munisi wa Machame, anayetaka kwenda juu juu.

— Ni mmoja, nikamjibu. Na ana visirani, tumeshaanza kumwona.

Mizani alicheka. Alicheka mpaka akatoa leso. Kisha, kwa kuwa kahawa yake ilikuwa imekwisha, akaegemea ubao ajiinue, ashike kikombe akirudishe dirishani kwa Mama Aikande, hatua nne.

— Acha! tulipiga kelele watatu kwa pamoja.

Alibaki ameinama, kikombe kidoleni.

— Ni kikombe, alisema.
— Weka chini, Mzee. Mgeni habebi.

Bisi alimpokonya. Waziri alimpokonya Bisi. Mimi nilimpokonya Waziri, maana mimi ndiye mwenye mbio, nikakipeleka dirishani nimekiweka kichwani, mikono mfukoni, na hakikuanguka. Nilipogeuka nilimwona Mizani amerudi kukaa mwisho wa benchi, mguu ameunyoosha. Mikono yake ile mikubwa aliiweka magotini, akaitoa. Akaikunja kifuani, akaitoa. Aliifungua mbele yake akaitazama, kwanza mmoja, kisha mwingine, kama anayejiuliza ina kilo ngapi ikiwa mitupu.